Kompyuta ya molekuli: swichi tunayo, nyaya ziko wapi?

Kila baada ya miezi kadhaa habari ile ile hurudi ikiwa imevaa nguo mpya: wanasayansi wametengeneza swichi ya kompyuta kwa molekuli moja. Chini yake wasomaji huuliza maswali yale yale. Mbona chipu za simu zetu bado huchongwa kwa silikoni? Si tuliambiwa chipu zimeshafika nanomita 3, yaani zimeshaifikia molekuli? Hii ndiyo kompyuta ya kwanta? Au ndiyo ile ya DNA? Wengine huhitimisha kwamba makampuni makubwa yanaificha teknolojia hiyo ili yaendelee kuuza bidhaa za zamani.

Hakuna aliyeficha kitu. Swichi za molekuli zimechapishwa kwenye majarida ya sayansi kwa zaidi ya miaka ishirini, na anayetaka kusoma jinsi zilivyotengenezwa anaweza kusoma. Kilichokosekana ni namna ya kuziunganisha swichi hizo zikawa mashine. Kwa maoni yangu, kosa kubwa la habari za aina hii ni kuitazama molekuli yenyewe na kusahau kuuliza imeshikwa na nini, inaongea na nani, na inakaa hivyo kwa muda gani. Ugumu wote umejificha hapo.

Tuanze na maneno machache. Molekuli ni atomu mbili au zaidi zilizoshikamana zikawa kitu kimoja. Ya maji, kwa mfano, ni atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi, na molekuli ambazo wahandisi wa umeme wanazitamani huwa na urefu wa nanomita 1 hadi 3. Transista ni swichi isiyo na kipande kinachosogea. Ina ncha tatu: umeme huingilia ya kwanza, hutokea ya pili, na ya tatu, ambayo huitwa lango, huamua upite au usipite. Ukipita tunahesabu 1, usipopita tunahesabu 0. Kompyuta ni swichi hizo nyingi kupita kiasi, zinazoamrishana: kinachotoka katika swichi moja hufungua au kufunga lango la nyingine. Neno hilo la kuamrishana tulishike, maana litatusumbua baadaye.

Nanomita 3 ambazo si nanomita 3

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa chipu ya 4004 yenye transista 2,300. Mwaka 2020 Apple ikatoa chipu ya M1 yenye transista bilioni 16. Kati ya miaka hiyo, kila kizazi cha chipu kilipewa jina kwa kipimo, na mwanzoni kipimo hicho kilikuwa cha kweli: kilitaja urefu wa sehemu fulani ya transista. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hivi, namba hizo zikaanza kuachana na vipimo halisi, na leo zimebaki majina ya biashara. Katika chipu inayouzwa kwa jina la nanomita 3, kutoka lango la transista moja hadi lango la jirani yake kuna takriban nanomita 45 hadi 50, na nyaya zilizobanana kuliko zote zimepangwa kila baada ya nanomita ishirini na kitu. Katika nafasi ya lango hadi lango unaweza kupanga molekuli arobaini ndogondogo kwa mstari. Kwa hiyo bado hatujaifikia molekuli, ingawa matangazo yanaelekea kutuaminisha hivyo.

Hata hivyo silikoni ina ukuta mbele yake. Atomu zake zimeachana kwa nanomita 0.24 hivi, kwa hiyo kipande chenye upana wa nanomita 5 ni atomu kama ishirini tu. Hapo ndipo kuchonga kunapoanza kugoma. Atomu moja ikikaa mahali pasipo pake, swichi hiyo hutofautiana tabia na jirani yake. Ndiyo maana watu wakafikiria kugeuza njia: badala ya kuchonga kutoka juu kwenda chini, tujenge kutoka chini kwenda juu, kwa kipande ambacho maumbile yenyewe yameshakimaliza.

Wazo hilo lina mvuto wa kweli. Hakuna vipande viwili vilivyochongwa vikalingana sawasawa, lakini molekuli mbili za aina moja zinalingana bila tofauti yoyote. Tena ni nyingi: gramu 18 za maji zina molekuli zipatazo 6 ikifuatwa na sifuri 23, na mkemia huzitengeneza za aina aitakayo kwenye chupa bila kuzigusa moja moja.

Mwaka 1974 Ari Aviram wa kampuni ya kompyuta ya IBM na Mark Ratner wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha pendekezo la molekuli moja ambayo upande mmoja hupenda kutoa elektroni (chembe zinazobeba umeme), upande wa pili hupenda kuzipokea, na katikati pana daraja. Kwa hesabu zao, umeme ungepita kirahisi kuelekea upande mmoja na kukataa kurudi. Kifaa cha namna hiyo huitwa diodi. Hawakukijenga; miaka ile hapakuwa na chombo cha kuishika molekuli moja. Chombo kilikuja mwaka 1981, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer walipounda katika maabara ya IBM jijini Zürich darubini yenye sindano kali mno, inayopapasa uso wa kitu kwa mkondo mdogo wa umeme na kuonyesha atomu zake. Waliipatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1986. Miaka michache baadaye Don Eigler, wa IBM kule California, akatumia sindano ya aina hiyo kusogeza atomu 35 za zenoni hadi zikaandika jina la kampuni, na picha hiyo ikazunguka dunia.

Picha hiyo ilifanya mambo mawili. Iliwatia watu hamasa, na iliwapotosha. Ilionekana kana kwamba ukiweza kusogeza atomu, kompyuta ni suala la subira tu. Tuipige hesabu hiyo subira. Ukiweka swichi moja kila sekunde, usiku na mchana bila kukosea, chipu ya swichi bilioni 16 itakuchukua zaidi ya miaka 500. Na zile atomu za zenoni zilikaa zilipowekwa kwa sababu uso ulikuwa umepozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Uso ungepata joto la kawaida, zingeondoka.

Pale molekuli inapokutana na chuma

Sasa tufike kwenye kiini. Molekuli haiwezi kufanya kazi ya umeme bila kushikwa pande mbili na vipande vya metali vinavyoingiza na kutoa elektroni. Vipande hivyo huitwa elektrodi. Kwa kawaida ni vya dhahabu, na molekuli huvishwa atomu za salfa kwenye ncha zake kwa sababu salfa hushikamana vizuri na dhahabu.

Mwaka 1997 Mark Reed wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake, akiwamo mkemia James Tour, walieleza jinsi walivyofanya. Walichukua uzi mwembamba wa dhahabu uliobandikwa juu ya ubapa unaopindika, wakaupinda polepole ndani ya kimiminika chenye molekuli za benzini (pete ya atomu sita za kaboni) zilizovishwa salfa, hadi uzi ukakatika. Molekuli zikajishika kwenye ncha mbili za uzi uliokatika. Kisha wakazirudisha ncha karibu karibu mpaka ilipoonekana kwamba molekuli moja imeunganisha ng'ambo hizo mbili, wakapima umeme. Ustadi wa hali ya juu. Lakini tazama ni mambo mangapi hapo hayajulikani. Ncha ya dhahabu ilikuwa na umbo gani pale ilipokatika? Salfa imekaa juu ya atomu moja ya dhahabu, au katikati ya tatu? Molekuli imesimama wima au imelala? Ni moja kweli, au ni mbili?

Majibu ya maswali hayo hubadilisha kipimo sana. Wakati kundi la Nongjian Tao, lililokuwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, lilipoipima molekuli hiyo hiyo miaka michache baadaye kwa njia nyingine, ukinzani wake, yaani kiasi inavyozuia umeme kupita, ulitofautiana na ule wa kwanza kwa zaidi ya mara kumi. Si kwamba mmoja wao hakuijua kazi yake. Wanachopima ni molekuli pamoja na viungo vyake, na viungo ndivyo vizito. Ni kama kumpima uzito sisimizi kwa kumpima ng'ombe akiwa naye mgongoni, kisha ng'ombe peke yake, na kutoa: ng'ombe akihema tu, sisimizi amepotea.

Njia ya Tao na mwenzake Bingqian Xu, waliyoichapisha mwaka 2003, ilikuwa kukiri kwamba kiungo kimoja hakiaminiki. Wakafanya sindano ya dhahabu iguse uso wa dhahabu na kujivuta, iguse na kujivuta, maelfu ya mara, kila mara ikinasa molekuli kwa namna yake, halafu wakachora ni kipimo gani kimejirudia mara nyingi. Kwa mwanasayansi anayetaka kuielewa molekuli hiyo ni njia bora, na hadi leo maabara nyingi huitumia. Kwa mhandisi wa kompyuta ni msiba. Swichi iliyoko mahali fulani ndani ya chipu haiwezi kuwa wastani wa swichi elfu moja. Lazima iwe ile moja, iliyopo pale, na ifanye kama jirani zake leo na kesho.

Hapo ile sifa nzuri ya molekuli kulingana bila tofauti huyeyuka. Molekuli zinalingana kweli, lakini zikiwa peke yake. Ukizishika, kila moja hupata mshiko wake, na mshiko ndio unaoamua umeme.

Dhahabu nayo haitulii. Katika joto la kawaida atomu zilizo kwenye uso wa dhahabu husogea zenyewe. Ncha kali iliyotengenezwa asubuhi huweza kuwa butu jioni. Umeme wenyewe huzidisha fujo. Mkondo wa nanoampia 1 (sehemu moja ya bilioni ya ampia, kipimo cha mkondo wa umeme), ambao kwenye simu yako si kitu, ni elektroni kama bilioni 6 kila sekunde, zote zikipita ndani ya kitu chenye atomu kumi na kitu. Baadhi huitikisa molekuli zikipita, na mtikisiko ukizidi kiungo huachia. Ndiyo maana majaribio mengi mazuri hufanywa ndani ya heliamu ya kimiminika, kwenye baridi ile ile ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Ukisoma habari ya swichi ya molekuli, tafuta kwanza halijoto. Mara nyingi imewekwa aya ya mwisho, kama imewekwa.

Kufunga na kuamrisha

Swichi ya kawaida ikizimwa, imezimwa. Elektroni hata hivyo si punje ya mchanga. Kwa kanuni za kwanta, zinazotawala vitu vidogo kama hivyo, inaweza kuvuka kizuizi chembamba ambacho kwa hesabu ya kawaida haikustahili kuvuka. Kadiri kizuizi kinavyokuwa chembamba ndivyo zinavyovuka nyingi, na ongezeko ni kali: katika minyororo rahisi ya kaboni, kupunguza atomu moja tu ya kaboni huongeza mvujo karibu mara tatu. Molekuli yenye urefu wa nanomita 1 ni kizuizi chembamba kweli kweli. Kwa hiyo hata ikiwa imezimwa, huvuja. Transista za kompyuta zikiwashwa hupitisha umeme makumi ya maelfu ya mara, na mara nyingi zaidi ya hapo, kuliko zikizimwa. Molekuli nyingi zilizopimwa hazifiki hata mara mia. Ukizipanga bilioni kadhaa, chipu itakuwa inakula umeme na kutoa joto hata ikiwa haifanyi lolote.

Upande wa pili ni lile neno la kuamrishana. Diodi ya Aviram na Ratner ina ncha mbili tu. Inaweza kuruhusu au kukataa, lakini kila ishara inayopita ndani yake hutoka ikiwa dhaifu kidogo. Ukiziunganisha kumi mfululizo, ishara imekufa. Transista ya ncha tatu hupokea ishara hafifu kwenye lango na kutoa ishara yenye nguvu kamili, kwa hiyo kila hatua hurudisha nguvu iliyopotea. Hiyo ndiyo siri ya kompyuta kuwa na hatua nyingi. Sasa, lango la molekuli utaliweka wapi? Kuna elektrodi mbili zimeachana kwa nanomita 1, na kila moja ni kubwa mara nyingi kuliko molekuli iliyo katikati. Lango lazima liwe karibu vya kutosha kuisikilizisha molekuli, lakini lisiguse, na zile elektrodi mbili kubwa hulikinga kama ukuta. Mwaka 2009 Hyunwook Song, Takhee Lee na Mark Reed walionyesha kwamba inawezekana: lango liliisogeza nishati ya molekuli waziwazi, katika baridi ya heliamu. Lilikuwa jambo kubwa kwa fizikia. Hakukuwa na swichi ya pili iliyoamrishwa na ile ya kwanza.

Nyaya, na hesabu ya makosa

Tuseme matatizo yote hayo yamekwisha. Bado kila molekuli inahitaji waya wake, na waya ukiwa mpana mara ishirini kuliko molekuli, umeokoa nini? Mfano bora ninaoujua ni kumbukumbu iliyotengenezwa mwaka 2007 na makundi ya James Heath wa Caltech na Fraser Stoddart wa UCLA, vyuo vikuu viwili vya California. Walipanga nyaya 400 za silikoni chini na nyaya 400 za titani juu yake zikikatizana, wakapata makutano 160,000, kila kutano likihifadhi 0 au 1. Katikati ya makutano waliweka molekuli ziitwazo rotaksani, ambazo zina pete inayoteleza kwenye kijiti kutoka kituo kimoja hadi kingine. Nyaya zilikuwa na upana wa nanomita 16. Hata kwa nyaya nyembamba hivyo, kila kutano lilibeba molekuli kama mia moja, si moja. Makutano mengi yalikuwa mabovu. Ilibidi yapimwe, mabovu yatambuliwe na programu iyaruke. Yale mazima yalichoka baada ya kuwashwa na kuzimwa mara chache tu.

Nilipenda jinsi walivyosema wazi kuhusu mabovu hayo, kwa sababu hilo ndilo suala lenyewe. Katika kemia, hatua inayofanikiwa kwa asilimia 99 ni ya kujivunia. Katika chipu ya swichi bilioni 16, hata ukiharibu moja tu katika kila 100,000, utabaki na swichi mbovu 160,000, na hujui ziko wapi. Je, kompyuta inaweza kuishi na makosa hayo? Ndiyo, kwa kiasi. Kampuni ya HP ilijenga mashine iliyoitwa Teramac, iliyoelezwa mwaka 1998, yenye kasoro zaidi ya 220,000 za vifaa. Ilizitafuta, ikazipanga njia za kuzikwepa, na ikafanya kazi. Lakini Teramac ilikuwa na nyaya za ziada kwa wingi ili ipate pa kupitia. Kukwepa makosa kunahitaji nyaya zaidi, na nyaya ndizo tulizoshindwa kuzipunguza.

Kuna tatizo jingine lililochukua miaka kugunduliwa. Baadhi ya vifaa vilivyosifiwa kwa swichi za molekuli vilikuwa vikibadilika kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 2004 watafiti wa HP na wenzao walionyesha kwamba kwa elektrodi za aina fulani, hali ya kuwaka na kuzima ilijitokeza vilevile hata walipobadilisha molekuli iliyo katikati. Swichi ilikuwa kwenye metali. Ng'ombe tena.

Habari nyingine ni ya kusikitisha zaidi. Desemba 2001 jarida la Science lilitangaza sakiti za molekuli, yaani swichi zilizounganishwa, kuwa mafanikio makuu ya mwaka. Sehemu ya msisimko huo ilitokana na Jan Hendrik Schön, kijana wa maabara ya utafiti ya Bell Labs kule New Jersey, aliyedai kutengeneza transista za molekuli zilizofanya kazi vizuri ajabu. Mwaka 2002 wanafizikia wengine waligundua kwamba grafu za majaribio tofauti, kwa vifaa tofauti, zilikuwa na mitetemo midogo ile ile, nukta kwa nukta. Mitetemo ya namna hiyo hutokana na joto na bahati, haijirudii. Kamati ya uchunguzi ilimkuta na hatia katika madai 16 kati ya 24, akafukuzwa kazi Septemba mwaka huo, na makala zake zikaondolewa. Kilichomfichua ni kwamba vipimo vyake vilikuwa nadhifu mno kwa kitu kidogo kama molekuli.

Si kwanta, na DNA ni jambo jingine

Kompyuta ya kwanta hutofautiana na ya kawaida kwa namna inavyohesabu, si kwa udogo wa vipande vyake. Vipande vyake vingine ni vikubwa vya kuonekana kwa darubini ya kawaida. Kompyuta ya molekuli, kama ingekuwapo, ingeweza kuhesabu kwa 0 na 1 zile zile za silikoni. Tuliache hilo hapo.

DNA, molekuli ndefu inayobeba urithi wa viumbe, inahitaji maelezo zaidi, maana ilifanya kazi kweli. Mwaka 1994 Leonard Adleman wa Chuo Kikuu cha Southern California aliandika ramani ya miji saba kwa vipande vya DNA, akavichanganya kwenye kimiminika, na vipande vikashikana vikatoa njia inayopita kila mji mara moja. Hapakuwa na waya hata mmoja. Molekuli zilitafutana zenyewe, mabilioni kwa pamoja, na hiyo ndiyo hila nzuri: tatizo la kiungo limekwepwa kwa sababu hakuna metali. Bei yake ni muda. Kuchuja jibu kutoka kwenye mchanganyiko kulimchukua siku saba maabara, kwa fumbo ambalo mtu hulitatua kwa kalamu. Mwaka 2011 Lulu Qian na Erik Winfree wa Caltech walitengeneza sakiti ya nyuzi 130 za DNA iliyokokotoa kipeuo cha pili cha namba ndogo. Jibu lilitoka baada ya saa 6 hadi 10.

Wanaosema «lakini molekuli ni nyingi, zitafidia ucheleweshaji» walijibiwa mapema. Mwaka 1995 mtaalamu wa kompyuta Juris Hartmanis alipiga hesabu ya njia ya Adleman kwa miji 200 badala ya saba, akakuta kwamba DNA inayohitajika ingekuwa na uzito kuliko Dunia. Wingi wa molekuli ni mkubwa, lakini njia za kupita kwenye ramani huongezeka haraka zaidi.

Imani nyingine ni kwamba kidogo lazima kiwe na kasi. Mwaka 2002 Andreas Heinrich na wenzake wa IBM walipanga molekuli za kaboni monoksidi juu ya shaba ili moja ikisukumwa iisukume inayofuata, na hivyo wakapata sakiti ya kulinganisha ishara tatu ndani ya eneo la nanomita 12 kwa 17. Kwa mujibu wao, hilo lilikuwa eneo dogo mara 260,000 kuliko sakiti kama hiyo ya silikoni ya wakati ule. Ilitumia molekuli 545, ilichukua saa kadhaa kupangwa, na ilifanya kazi mara moja tu. Zikishaanguka, zimeanguka, unarudi kuzisimamisha moja moja kwa sindano.

Na mwili wa binadamu je? Si unatumia molekuli kuhesabu? Unatumia, lakini kwa kanuni nyingine. Neva haitegemei protini moja; hutegemea maelfu zinazofanya kazi ile ile, zikifunguka na kufunga ndani ya sehemu za elfu za sekunde, na seli hutengeneza mpya kila mara kufidia zilizoharibika. Chipu haijui kujikarabati, na hatutaki kuisubiri sehemu ya elfu ya sekunde kwa kila hatua.

Kazi inaendelea wapi

Hatua inayoonekana zaidi imetokana na molekuli ndefu sana: vijibomba vya kaboni, vyenye upana wa nanomita 1 na kitu lakini virefu vya kutosha kuchongewa elektrodi kwa mbinu za kawaida za kiwandani. Mwaka 2013 watafiti wa Stanford walijenga kompyuta ndogo ya transista 178 za vijibomba hivyo, na mwaka 2019 kundi la chuo kikuu cha MIT likafika transista zaidi ya 14,000. Intel ilifika 29,000 mwaka 1978 kwa chipu ya 8086, kwa hiyo ulinganishe mwenyewe. Tena kila transista ya MIT ilikuwa na vijibomba vingi, na ilikuwa kubwa kuliko ya silikoni ya leo. Faida inayotafutwa hapo ni kupunguza umeme unaotumika. Udogo umewekwa kando kwa sasa.

Kwa molekuli fupi, maendeleo yaliyonivutia ni ya kiungo chenyewe. Mwaka 2016 kundi la Xuefeng Guo wa Chuo Kikuu cha Peking liliachana na dhahabu, likashikilia molekuli kati ya kingo mbili za grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja. Kaboni kwa kaboni hushikana kwa kifungo imara cha kemikali, na atomu zake hazitangitangi. Walitengeneza vifaa 46, vikawashwa kwa mwanga wa aina moja na kuzimwa kwa mwanga wa aina nyingine zaidi ya mara 100, na vikadumu zaidi ya mwaka. Kuwaka kulizidi kuzima kwa takriban mara 100. Bado si lango la umeme, na si swichi inayoamrisha swichi.

Wengine wameamua kutoipa molekuli kazi ya kuhesabu kabisa. Wanaiacha silikoni ihesabu, na kuiweka molekuli juu yake iwe pua: inaunganisha nyaya mbili, na molekuli nyingine, mathalani kipande cha DNA au dawa, ikija kuigusa, mkondo hubadilika na chipu husoma badiliko hilo. Ule wepesi wa kuyumbishwa na kila kinachoisogelea, ulioiharibia sifa kama swichi, hapa ndio unaotafutwa. Kifaa cha namna hiyo hakihitaji viungo bilioni 16 vinavyolingana. Hupimwa kabla ya kutumika, viungo vibovu hufutwa kwenye orodha, na vilivyobaki huanza kusikiliza.